Postikadi za Matusi kwa Wadih

Tripoli, Lebanoni
3 Machi 2009

Kwa Nazira, binti wa Wadih Saba, huko Santos, Brazili.

Nina miaka themanini na saba. Nimeyapita mafuriko ya mto Abu Ali yaliyobeba nusu ya mtaa wetu. Nimevipita vita vya miaka kumi na mitano. Nimewapita wake wawili, Mungu awarehemu, na meno yangu yote, na madaktari walionikataza kupanda ngazi. Wao wamezikwa, mimi nakuandikia. Ngazi nimepanda leo asubuhi.

Salamu zangu zikufikie wewe na wote waliomo nyumbani mwako. Sisi huku wazima, ila goti langu la kushoto, nalo sijali maneno yake.

Barua yako imefika ingawa juu ya bahasha uliandika tu "Sabri wa Njiwa, Soko la Washona Viatu," bila namba ya nyumba. Mtu wa posta hata hakuuliza. Mji huu una watu wengi sana na Sabri wa Njiwa ni mmoja. Mwanangu Munzir alitaka mimi niseme yeye aandike, kwa kuwa amesoma. Nikamwambia, "Nilikuwa napeleka postikadi Brazili kabla mama yako hajakuota. Kaa hapo unywe kahawa yako." Kwa hiyo usiucheke mwandiko. Shule niliisoma siku za mvua tu. Jua likitoka nilikuwa juu ya paa.

Unasema umekuta mkoba wa ngozi chini ya kitanda cha baba yako, umejaa postikadi zangu. Unasema kuna muuza vitu vya kale hapo kwenu amezipenda kwa ajili ya picha na anazitaka zote. Wewe ukaona uniulize kwanza: huyu ni mtu gani aliyemtukana baba yangu miaka arobaini, kwa nini picha ni ileile moja kila mara, yale madoa ya wino mbinguni ni ya nini, na mbona baba anayabusu matusi.

Usimuuzie hata moja. Mwambie Sabri amekataa.

Picha ni mnara wetu wa saa. Ilipigwa kabla sijazaliwa, kisha wakaipaka rangi kwa mkono, ndiyo maana mbingu ina buluu ambayo haijapata kuonekana hapa wala kwingine. Zilikuwa katika duka la Kevork muuza karatasi, boksi zima, hakuna aliyezitaka. Nikazichukua zote. Mtu mwingine angetafuta picha mpya kila mwezi. Mimi sina haja ya mapambo, nina la kusema.

Yale si madoa. Kila nukta ni njiwa aliyetekwa. Zilizo kulia kwa mnara ni njiwa wake niliowateka mimi. Zilizo kushoto ni njiwa wangu aliowateka yeye. Ukihesabu utaona kulia ni nyingi. Hesabu.

Sasa sikiliza, binti yangu, maana naona hakukufundisha. Sisi warusha njiwa tuna sheria yetu. Majirani wawili huwa katika amani au katika vita. Mkiwa na amani, njiwa wangu akifuata kundi lako akatua kwako, unamrudisha kabla kahawa haijapoa. Mkiwa vitani, aliyetekwa ametekwa. Huulizi, huombi. Ukikutana na mwenzio sokoni unamsalimia kwa sauti kubwa na kumuuliza njiwa wake wanaendeleaje, ili watu wasikie. Mimi na baba yako tuko vitani tangu mwaka wa 49. Paa lake na langu yanatazamana, kuna kichochoro tu katikati.

Na matusi? Postikadi haina bahasha. Mtu wa posta aliisoma ya Wadih mkahawani kwa Abu Zaki kabla sijaipata, na ya kwangu niliisoma pale mwenyewe kabla ya kuipeleka. Soko zima lilisikia. Utaandika nini mbele ya soko zima, "nimekukumbuka"? Niliandika: "Wadih, yule mwekundu wako amekuja kwangu bila hata kuitwa. Anasema kwako hakuna nidhamu." Naye akajibu nyuma ya picha ya pwani ya Santos: "Sabri, kuku wa huku wanaruka juu kuliko kundi lako, na ni wazuri zaidi kwa wali." Watu walicheka wiki nzima. Mimi sikucheka.

Sasa nijibu wewe. Kwa nini umeandika wewe na si yeye? Kadi yake ya mwisho ni ya zamani kidogo. Nilisema labda amekosa tusi jipya.

Ami yako,
Sabri, Abu Munzir


Santos
2 Aprili 2009

Ami yangu Sabri,

Naibusu mikono yako, na naliombea goti lako hata kama wewe hulijali. Kiarabu changu ni cha jikoni, alichonifundisha baba tukimenya kitunguu, kwa hiyo na wewe usiucheke mwandiko wangu.

Baba yuko hai. Lakini tangu Krismasi ana kiharusi. Upande wa kulia hausogei. Na Kireno chote kimemtoka, ami, kama koti alilolivua mlangoni. Miaka karibu hamsini alifanya biashara ya vitambaa kwa Kireno, alibishana na mama yangu kwa Kireno mpaka mama akafa, na sasa hajui hata kuomba maji kwa lugha hiyo. Anasema Kiarabu tu, tena si changu, ni chenu cha soko. Mjukuu wake akimsalimia anamtazama kama mgeni.

Muuguzi anayeshinda naye ni mama mmoja anaitwa Lurdes. Juzi amenijia jikoni amekasirika. "Nazira, baba yako ananipigia mluzi!"

Nikaenda. Baba alikuwa anatazama dari na kupiga mluzi mrefu, kisha mfupi, kisha mrefu. Nikamwambia, "Mama Lurdes, hakuiti wewe. Anawaita njiwa."

"Njiwa gani? Wako wapi?"

Nikamwonyesha postikadi.

Kasisi wetu alikuja kabla ya Kwaresima. Akamuuliza, "Wadih, kuna mtu mna ugomvi ambao hamjaumaliza?" Baba akahesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto. Akasema, "Wote wamekufa. Amebaki Sabri." Kasisi akaniambia nje, mlangoni, kwamba mtu asiende mbele ya Mungu na vita mgongoni mwake. Na daktari ameniambia kwamba moyo umechoka, tusitegemee kufika Krismasi nyingine.

Kwa hiyo nakuomba jambo dogo. Mwandikie kwamba mmepatana. Sentensi moja, ami, kwenye postikadi yoyote. Nitamsomea.

Nimehesabu nukta kama ulivyoniambia. Lakini kuna kitu sikielewi. Kuna kadi ya mwaka wa 1974 ambayo upande wa kushoto umejaa. Baba aliondoka kwenu mwaka wa 61. Amewezaje kuteka njiwa wako akiwa Santos?

Binti yako,
Nazira


Tripoli
25 Aprili 2009

Kwa Nazira, binti wa Wadih,

Salamu na rehema. Huku Pasaka ya jirani zetu imepita salama, mvua imekatika, njiwa wamebadili manyoya. Mimi mzima. Mungu amwondolee Wadih maumivu. Mwambie nimesema hivyo. La, usimwambie, atadhani ninakufa.

Barua yako niliisoma mkahawani kwa Abu Zaki kama desturi. Nilipofika kwenye neno "mmepatana" wote wakaweka vikombe chini. Kisha Abu Zaki akaanza.

"Mpe mtu amani yake, Sabri. Unajifanya nani, dola la Uturuki?"

Nikamwambia, "Wewe pika kahawa."

"Mtu yuko kitandani!"

"Hata akiwa kitandani ni adui yangu, na adui yangu simpi aibu."

Hawakuelewa, na wewe najua hutaelewa, lakini nitakwambia. Amani haiandikwi. Katika sheria yetu watu wawili waliokuwa vitani hukutana juu ya paa, uso kwa uso, mashahidi wakiwapo. Kila mmoja amemshika njiwa wa mwenzake aliyemteka. Wanapeana mkono kwa mkono. Kisha wanakula sahani moja. Bila hayo hakuna amani, kuna karatasi tu. Nimesuluhisha warusha njiwa wa mji huu tangu kabla ya mafuriko, na hakuna aliyesuluhishwa nami akarudia vita. Unataka Sabri huyohuyo afanye mchezo wa kuandika amani nyuma ya picha? Watasema nimezeeka.

Kama anataka amani, aje. Ngazi ziko palepale.

Habari ya mwaka wa 74 ni mambo ya ufundi, ni marefu.

Ami yako,
Sabri


Santos
20 Mei 2009

Bwana Sabri,

Natumaini mko wazima.

Baba hawezi kufika chooni. Wewe unamwambia apande ngazi za Tripoli.

Barua yako sikumsomea. Nilimwambia tu kwamba umeandika, macho yake yakawaka. "Amesema nini?" Nikasema, "Amekusalimu." Akasema, "Basi si yeye," akageuza uso ukutani. Siku nzima hakula.

Njiwa wowote mliowagombania wamekuwa vumbi tangu sijazaliwa. Unamnyima mtu anayekufa sentensi moja kwa sababu watu wa mkahawani watasema umezeeka. Una miaka themanini na saba. Wanajua.

Muuza vitu vya kale amepita tena. Bado sijamjibu.

Nazira Saba


Tripoli
11 Julai 2009

Nazira, binti yangu,

Nakusalimu kwa salamu ndefu kuliko zote nilizokutumia. Nauliza hali ya baba yako kwanza kabla ya kitu chochote. Nauliza anakula? Analala? Mkono wa kulia umerudi hata kidogo?

Nimekaa kimya kwa kuwa ulinikasirisha. Hakuna mwanamke aliyeniandikia hivyo na sikujua mtu anajibu vipi. Nikaiweka barua yako ndani ya chungu cha mtama wa njiwa ili nisiione. Kila asubuhi natia mkono, nakutana nayo. Sasa imejaa mavumbi ya mtama na maneno bado yanasomeka.

Nitakujibu habari ya mwaka wa 74.

Baba yako alipokwenda Brazili aliiuza nyumba yao, lakini paa hakuuza. Kwetu inawezekana, vyumba vikawa vya mtu mmoja na paa la mwingine. Asubuhi aliyoondoka tulikuwa tumesimama uwanja wa Tell, pale teksi za Beiruti zinapojaza abiria. Wazee walikuja kutupatanisha, wameleta mpaka njiwa wawili kwenye kikapu, maana ni vibaya mtu asafiri akiwa vitani. Wadih akanivuta pembeni. Wakati huo alikuwa na masharubu, sijui kama uliwahi kuyaona.

Akaniambia, "Sabri, usikubali."

"Nisikubali nini?"

"Amani. Nikipatana nawe leo nimefunga kazi. Mtu aliyefunga kazi harudi."

"Basi nikatae mbele ya wazee wote hawa? Wataniona sina adabu."

"Kwani sasa wanakuonaje?"

Nikawaendea wazee nikawaambia sipatani na mwizi. Walinitemea mate. Yeye akapanda teksi, akafungua kioo, akapiga kelele uwanja mzima usikie, "Vita viko palepale?"

"Viko palepale, mwizi!"

"Nani atawarusha wangu?"

"Mimi!"

"Utaniibia!"

"Kwa nini nisikuibie? Na wewe niibie!"

Teksi ikaondoka. Ndiyo mara ya mwisho kumwona.

Basi nikawarusha. Alasiri napanda kwanza paani kwake, nalifungua banda lake, nalirusha kundi lake. Nashuka, navuka kichochoro, napanda kwangu, nalirusha langu. Makundi yanaingiliana juu ya soko, na hapo ndipo ufundi ulipo, kila kundi linataka kuwavuta wa mwenzake. Wakishuka, wa kwangu akitua kwa Wadih anabaki kwa Wadih. Namkata ncha za mbawa mimi mwenyewe na kumfungia katika banda lake, na nukta naiweka kushoto. Simwonei. Nikihisi upepo unamfaa yeye, simngojei ubadilike. Yeye aliniandikia kutoka Brazili namna ya kupanga kundi lake, nani atangulie, nani asirushwe siku ya upepo wa baharini, na mimi nilifanya vilevile alivyosema hata nikijua kwamba leo atanipiga. Mwaka wa 74 alinipiga kipigo ambacho sitakisahau. Alinichukulia weusi wangu wenye vichwa vyeupe, vipenzi vyangu. Sikwenda mkahawani kwa aibu, na aliyenipiga ni mimi.

Hakuna mtu katika mji huu anayeweza kurusha makundi mawili peke yake tena kwa haki. Mmoja tu.

Wakati wa vita vya watu, risasi zikipita kichochoroni, nilivuka kwa tumbo na gunia la mtama. Mke wangu wa pili alisimama mlangoni akasema, "Ukifa kwa ajili ya njiwa wako nitalia. Ukifa kwa ajili ya njiwa wa Wadih sitoi hata chozi." Nilimwambia asilie basi.

Sasa umeniomba amani. Fikiri wewe mwenyewe. Kila alasiri nafika paani kwake, nasema, "Wadih, nimekuja kukuibia." Wala sisemi kwa kichaa, nasema tu, kama mtu anavyobisha hodi. Nikiandika sentensi yako, kesho nikipanda pale nitasema nini? Patakuwa ni paa tu, na mimi mzee aliyesimama juu ya paa la watu.

Ndiyo iliyokuwa sababu. Si watu wa mkahawani. Lakini umesema hakula siku nzima.

Jana nimewaita Abu Zaki na mwanangu Munzir wapande paani kwa Wadih. Munzir ana tumbo, alifika juu analaani. Nimemshika katika mkono wa kulia njiwa mweupe mwenye mkufu wa manyoya shingoni, wa ukoo wa njiwa wangu aliowateka Wadih. Katika mkono wa kushoto nimemshika mwekundu, wa ukoo wa wale nilioteka kwake. Nimesema hivi, nawe umsomee hivi polepole, kisha unyamaze:

"Wadih mwana wa Saba, mimi Sabri sina vita nawe. Uliowateka ni wako kwa halali. Niliowateka nakurudishia mkononi mwako. Hakuna deni, hakuna kisasi. Paa lako ni salama kwangu na langu ni salama kwako."

Kisha tumekula ful, yale maharagwe yetu ya kupondwa, kwa mkate katika sahani moja, na sehemu ya Wadih tumeiacha upande wa ukuta. Sheria inataka uso kwa uso. Nimeivunja. Kabla ya jana sijapata kumwambia mtu yeyote maneno haya kwa niaba yangu mwenyewe.

Ami yako,
Sabri


Santos
6 Agosti 2009

Ami yangu mpenzi,

Naibusu mikono yako yote miwili, na paji la uso wako.

Barua yako ilifika siku ambayo alikuwa macho vizuri. Lurdes alikuwa amemnyoa. Nilimwinua kwa mito, nikamwambia, "Baba, Sabri amekuandikia." Nikasoma tangu mwanzo, mpaka teksi, mpaka mwaka wa 74. Hapo alicheka upande mmoja wa mdomo, mate yakamtoka. Akasema, "Weusi wenye vichwa vyeupe." Nikasema, "Ndiyo." Akasema, "Alilia." Nikasema hukuandika kwamba ulilia. Akasema, "Alilia."

Kisha nikasoma yale maneno, polepole, kama ulivyotaka. Nikanyamaza.

Alifumba macho, nikadhani amelala. Akauliza, "Nani ameandika hayo?"

"Sabri, baba."

"Mkono wake?"

Nikamwonyesha. Aliutambua. Akaushika ukurasa, akauweka kifuani.

"Mwambie mwizi huyo hapana."

Nikadhani hakuelewa. Nikamweleza tena: mmepatana, vita vimekwisha, amekurudishia njiwa. Akanikasirikia, ami. Mtu ambaye hawezi kunyanyua kijiko alipiga godoro kwa mkono wa kushoto. "Hapana! Mwambie hapana! Anataka kushinda kwa karatasi? Amechoka, ndiyo maana. Mwambie kesho kama upepo ni wa baharini asiwarushe wekundu. Awatangulize wenye mikufu."

"Nimwambie hivyo?"

"Andika sasa hivi. Asijisingizie hakupata."

Nikaleta karatasi nikaandika mbele yake. Akanifanya nimsomee. Akasema, "Vizuri," akaomba supu, akala yote.

Alifariki Jumapili iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, watu wote wakiwa nyumbani. Asubuhi ile alikuwa anapiga mluzi, na Lurdes, Mungu ambariki, alikuwa amejifunza kumjibu.

Kanisani kasisi aliniuliza pembeni kama baba alikuwa amepatana na wote. Nikamwambia, "Wote isipokuwa mmoja, na huyo alijiwekea mwenyewe."

Muuza vitu vya kale nimemfukuza.

Ami, unisamehe barua yangu ya Mei. Na niambie, katika sheria yenu, mtu akifa vitani inakuwaje? Njiwa wake wanakuwa wa nani?

Binti yako,
Nazira


Tripoli
1 Septemba 2009

Nazira, binti wa Wadih, binti yangu,

Mungu amrehemu. Mungu akupe subira wewe na watoto wako na yule mama Lurdes, mpe salamu zangu, mwambie mluzi mrefu ni wa kuita na mfupi ni wa kushusha, asichanganye.

Mimi mzima. Nimeisoma barua yako mkahawani tangu juu mpaka chini. Nilipofika "mwambie mwizi huyo hapana," soko zima lilipiga makofi. Abu Zaki alisimama juu ya kiti, mtu wa miaka sabini. Kahawa hakuna aliyelipa. Watu wanasema sijapata kushindwa maisha yangu yote, na ni kweli, ila siku hiyo. Nilipanda ngazi nimebeba amani mikononi, nimeivunja sheria yangu kwa ajili yake, akanirudishia usoni akiwa amelala. Hakuna mrusha njiwa mwingine angeweza. Ningependa kumtukana kwa hilo. Nimechukua kadi ya mnara, nimekaa nayo, nimeandika "Wadih," basi. Tangu Jumapili ile sina mtu wa kumtukana.

Unauliza sheria. Mtu akifa vitani, njiwa wake ni nyara ya adui yake. Anawachukua siku hiyohiyo, analivunja banda, na hakuna wa kumlaumu. Munzir aliniambia, "Haya baba, sasa shusha wote uweke kwako, au bora uza wote ukae chini kama wazee wenzio." Nilikwenda paani kwa Wadih na kikapu. Nililifungua banda. Nikakaa mle ndani na goti langu mpaka likafa ganzi, na sikumtia hata mmoja kikapuni. Nikawarusha. Upepo ulikuwa wa baharini. Wekundu niliwaacha ndani, nikawatanguliza wenye mikufu, kama alivyoagiza.

Walinichukulia wawili.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui, kwa kuwa halijatokea siku nyingi. Nyara ni kwa yule ambaye adui yake hakuacha mtu. Aliyeacha mtoto, na mtoto akasema "nipo," vita vinakuwa vyake yeye, na paa ni lake, na njiwa ni wake. Sheria haisemi mtoto wa kiume. Niliwauliza wazee, na mzee kuliko wote ni mimi, nikajijibu.

Kwa hiyo niandikie neno moja tu, kwamba upo. Na ukitaka amani, mimi kwa karatasi sitoi tena, nimejifunza. Njoo uichukue kwa mkono. Ngazi si mbaya kama wanavyosema. Usikawie sana, si kwa ajili yangu, mimi bado nipo sana, ila wenye mikufu wana vifaranga na ni wazuri wakiwa wadogo.

Utajiuliza kama huyu mzee wa Tripoli amekwambia kweli. Ni haki yako. Ujue kwamba kwetu kadhi hapokei ushahidi wa mrusha njiwa. Toka zamani wanasema mtu anayeshinda juu ya paa anachungulia nyumba za watu na kuapa uongo kwa ajili ya ndege. Naweza kuapa msikiti mzima, neno langu halitaandikwa. Basi usinichukulie mimi. Muulize Abu Zaki, alikuwepo tulipokula ful na anajua nilichosema. Muulize Munzir, ambaye ananilaumu na kwa hiyo hatanipendelea. Mtu wa posta wa sasa ni mtoto wa yule aliyekuwa akisoma kadi, na anazijua nyingine kwa kichwa mpaka leo.

Na juu ya hao wote, nenda kwa Ummu Jirji. Ni mjane, anakaa chumba kilicho chini ya paa la baba yako tangu aolewe. Miaka yote hii njiwa wamezichafua nguo zake kambani, na amenitukana kwa kila kitu ninachofuga, kuku, paka, hata Munzir. Panda kwake, keti, atakupa kahawa. Muulize wale njiwa walio juu ya kichwa chake ni wa nani. Yeye si mrusha njiwa, ushahidi wake unapokelewa. Atakwambia ni wa Wadih.

Ami yako,
Sabri